Wiki ya Mihadhara Chuoni: Usiende Kukaa Nyuma

Juzi mdogo wetu mmoja anayesoma mwaka wa pili huko Dodoma kaniandikia inbox. "Dada shikamoo. Chuoni kwetu kuna wiki ya mihadhara, alafu jioni ya mwisho watu wanasoma mashairi na hadithi zao, na jina langu limo. Naogopa maiki. Hata kuuliza swali kwenye hiyo mihadhara naogopa. Nisaidie dada." Marahaba mdogo wangu. Nilimjibu kifupi ila nikaona jibu lenyewe niliweke hapa kwa urefu, maana najua mko wengi, na kama unasoma ukurasa huu basi na wewe unataka siku moja usimame mbele ya watu usikilizwe.

Mimi chuo nimesomea mkoani, sitakitaja. Wiki kama hizo zilikuwepo kila mwaka, mgeni anakuja, anasoma karatasi yake, makofi, chai, basi. Mwaka mmoja mada ilikuwa fasihi na ukombozi wa Afrika, mgeni kazungumza vizuri tu ila waandishi wote aliowataja ni wa Kiingereza na Kifaransa. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa Kiswahili, je wale waliotunga tenzi huku mwambao karne na karne, na kina Shaaban Robert waliokuja baadaye, wao hawamo kwenye huo ukombozi? Mwenyekiti wa kikao akavuta maiki akasema hilo swali nikamuulize mwalimu wangu wa sekondari. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mgeni akaulizwa swali lingine. Leo nina watoto na kazi yangu nzuri namshukuru Mungu, lakini kile kicheko nakisikia mpaka sa hivi. Swali lilikuwa zuri, na nitalisema hivyo hivyo mpaka nazeeka, na yule mwenyekiti alikuwa na wajibu wa kulilinda na hakulilinda.

Baada ya pale nilikaa muda mrefu kila nikienda kwenye kongamano nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kimya. Kilichonitoa huko ni Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Mlimani. Kwa ambao hamkijui, kile ni kigoda, yaani wadhifa wa uprofesa, cha taaluma za umajumui wa Afrika (Pan-Africanism), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikianzisha 2008, na wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Aprili 2009 wakafanya tamasha lao la kwanza, mgeni rasmi Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, na mwezi wenyewe ni ule wa kuzaliwa Mwalimu, maana alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Mimi Soyinka sikumkuta, nilikuja miaka ya baadaye kabisa, nimemaliza chuo, naishi Dar, rafiki yangu akaniambia twende, ni bure na mlango uko wazi kwa kila mtu. Tukaenda Ukumbi wa Nkrumah, ule ambao picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya 500 kabla haijaja sarafu.

Sasa sikiliza kilichonifungua macho. Mhadhara umeisha, mwenyekiti anasema nachukua maswali matatu matatu, muwe wafupi. Akasimama kaka mmoja, itifaki imezingatiwa, mimi sina swali ila nina mchango, akazunguka wee mpaka watu wakaanza kupiga makofi ya kumkalisha. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasimama mama mtu mzima, khanga begani, ana kikaratasi kimekunjwa mara nne. Akakikunjua, akasoma sentensi moja tu, akakaa. Jamani. Mgeni alivua miwani akaifuta, kisha kwenye kujibu wale wawili wa mwanzo akawapitia juu juu tu, muda wote uliobaki kamjibu yule mama.

Siku iliyofuata nilikuja na kikaratasi changu, nikakaa mstari wa pili, na duru ya kwanza tu mkono ukawa juu. Nikauliza swali langu lile lile la mkoani, nimelipunguza likawa sentensi moja, kwa Kiswahili. Safari hii hakucheka mtu. Nilijibiwa, na kwenye chai watu watatu wanne wakanifuata, mmoja wao alikuwa anaandaa jioni za ushairi hapa mjini, akaniuliza "wewe unatunga?" Nikamwambia natunga. Huko kote mnakoniona nasoma mashairi leo nimefika kupitia mlango ule.

Kwahiyo ushauri wangu ndo huo. Kaa mbele. Andika swali nyumbani, sentensi moja, mwombe mtu alisome, kama hajaelewa mara ya kwanza liandike upya. Nyoosha mkono duru ya kwanza, usisubiri ya mwisho maana muda huwa unaisha na wewe una swali mkononi. Na uliza kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria nacho, usione aibu. Mwalimu ambaye kigoda kina jina lake, na ndiye alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo kile kilipokuwa chuo kikuu kamili 1970, akiwa Rais wa nchi alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Rais! Wewe nani akuambie lugha yako ni ya sekondari?

Na vijana mnaokimbilia chai kabla maswali hayajaanza, badilikeni. Wasomi wakubwa wanavuka bahari kuja kwenu, mnapiga nao picha, swali hamna. Mtakuja kulalamika hamna koneksheni. Koneksheni zilikuwa zimekaa mstari wa kwanza zinasubiri kuulizwa.

Kuhusu usomaji wenyewe, mdogo wangu. Shairi usilielezee kabla ya kulisoma, taja jina la shairi anza. Liprinti herufi kubwa, simu inazima katikati ya ubeti, nimeshaona. Na kama ni la vina na mizani (silabi za kuhesabu) basi lighani, yaani lisome kwa sauti ya kuimba, usilisome tu kama taarifa ya habari. Mstari wa mizani 16 una pumziko lake pale mizani ya nane inapoisha, hapo kwenye kina cha kati ndo unavuta pumzi, watu wanakisikia kina kinagonga alafu unaendelea na kipande cha pili. Ukivuta pumzi sehemu nyingine umevunja shairi lako mwenyewe hata kama umelitunga vizuri. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, siyo kitandani. Maiki isiguse midomo, weka nafasi ya ngumi moja.

Ubeti ulionitumia nimeusoma, ni mzuri, ila mstari wa tatu una mizani 17, pale uliposema "wanafunzi" weka "vijana" utakaa sawa. Zilizobaki nitumie kabla ya Jumatano.