Kuifundisha mashine sauti ya bibi: yaliyonikuta Amu

Ndugu uliyeuliza kama kanda za marehemu bibi yako zaweza kuifundisha kompyuta isome tenzi kwa sauti yake, na kama ni kweli sekunde 3 zatosha: kazi hii nimeifanya hapa Amu (Lamu) kwa kanda za bibi yangu.

Hizo sekunde 3 ni za VALL-E, mfumo wa kuiga sauti ambao Microsoft waliutangaza mwaka 2023. Lakini ulikuwa umeshasikilizishwa saa 60,000 za Kiingereza kabla ya kupewa hizo sekunde. Kiswahili hakina akiba hiyo, na Kiamu, lahaja yetu ya hapa, ndiyo kabisa. Mimi nilianzia MMS, mfumo wa Meta wa kusoma maandishi kwa sauti, ambao Kiswahili unacho, nikauendeleza kwa sauti ya bibi. Leseni yake hairuhusu biashara. Kwa mambo ya nyumbani yatosha.

Kanda zangu 3 zilirekodiwa Malindi, bibi alipokwenda kumuuguza dada yake, kwa redio-kaseti iliyochomekwa kwenye stima (umeme). Sauti ilitoka nyembamba kuliko ninavyomkumbuka, nikadhani ni uchakavu. Kumbe nyuma yake mna mvumo wa stima. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani hutikisika mara 50 kwa sekunde, na kwenye kanda mvumo ulisomeka 52: kanda ilikuwa yakimbia. Nikapunguza kasi mpaka mvumo ukakaa kwenye 50, na bibi akarudi. Usiiruke hatua hii, maana mashine huiga kosa la mota sawasawa na inavyoiga koo la mtu. Baada ya kuondoa majogoo na adhana nilibaki na dakika 40, nikazikata vipande vya sekunde 5 hadi 12.

Kilichonila miezi ni maandishi. MMS husoma herufi kwa herufi, haina kamusi ya matamshi, kwa hivyo uandikavyo ndivyo itakavyotamka. Bibi asema “mato” na “ndia”. Mimi nikaandika “macho” na “njia”, kama nilivyofundishwa shule. Ikatoka sauti yake hasa, hata ile pumzi ya mwisho wa ubeti, lakini kila penye “ch” ulimi ukababaika, si huku si kule. Khalati, dada ya mama yangu, alisikiliza ubeti mmoja akavua spika za masikio. “Mama hajapata kusema hivi tangu nimjue,” akasema, akaenda jikoni.

Nikaandika upya zote, khalati akiwa kando yangu, neno kwa neno. Yeye ndiye aliyenionyesha kuwa paa la nyumba na paa wa mwituni bibi hakuyatamka sawa: huyu mnyama p yake ina pumzi, ukiweka kiganja mbele ya mdomo waihisi. Tahajia ya kawaida haionyeshi hilo. Nikachukua x iwe p yenye pumzi na q iwe k yenye pumzi, kwa kuwa Kiswahili hakina kazi nazo, nikaziongeza kwenye orodha ya herufi za mfumo.

Usomaji nao mwanzoni ulikuwa kama wa taarifa ya habari. Bibi hakupumua mwisho wa kila kipande cha mizani 8. Alivifunga viwili kwa pumzi moja, kisha akakivuta kina. Nilipoweka mkato pale alipopumua yeye, si pale shairi lilipoandikwa, mahadhi yakaanza kuja.

Kabla ya yote hayo niliwaomba ruhusa watoto wake wote. Mjomba alikubali kwa sharti moja: isomeshwe tenzi alizozihifadhi bibi tu, asitungiwe neno jipya. Naona ni haki. Faili liko kwenye diski kabatini kwa khalati, sijalipandisha intaneti, maana likishatoka hatuna tena mkono juu ya atakalosemeshwa.

Ukishaziingiza kanda zako kwenye kompyuta, tazama kwanza ule mvumo. Kisha niambie bibi alikuwa wa wapi, kwani kama ni wa Pate au Siu, wenye lahaja zao, tahajia yangu haitakufaa yote.