Zamu ya kwanza ya usiku wodi ya upasuaji wa ubongo

SWALI: Madaktari wa safu hii, habari za kazi. Nimetoka upasuaji wa jumla, wiki hii nimehamishiwa upasuaji wa ubongo. Usiku wodini nabaki peke yangu, bingwa yuko nyumbani. Naogopa kumwamsha kwa jambo dogo, na kuchelewa kunanitisha zaidi. Nishike lipi kwanza?

JIBU: Pole, mwenzetu. Shika kipimo cha fahamu cha Glasgow, na ukipime mwenyewe kwa kila mgonjwa mwanzoni mwa zamu, ili saa nane usiku uwe na cha kulinganisha. Usiandike jumla pekee; andika pia pointi za macho, sauti na mwendo (jinsi mikono na miguu inavyojibu). Anayefumbua macho mwenyewe (4), hatoi sauti (1) na anaupeleka mkono pale anapoumizwa (5) ana 10. Anayefumbua kwa maumivu tu (2), anatamka maneno yasiyohusiana (3) na ana mwendo uleule (5) naye ana 10. Hao si wagonjwa wa aina moja. Maumivu yapimie juu ya jicho au kwenye msuli wa bega. Ukibinya ukucha, mkono unaweza kujikunja kwa amri ya uti wa mgongo tu, bila ubongo.

Mwendo ukishuka hata pointi 1 kwa nusu saa, au mboni moja ikipanuka, piga simu. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa aliyeanza kuhangaika usimpe dawa ya usingizi kabla ya kuangalia oksijeni, kibofu na mboni.

Kinachowaponza wengi wageni ni mrija wa kutoa maji ya ubongo. Chombo kinachopokea maji hayo kina kipimo, na sifuri yake hukaa usawa wa tundu la sikio la mgonjwa. Kitanda kikiinuliwa mgonjwa ale, chombo kikabaki chini, maji hutoka kwa kasi, ubongo hunywea na mishipa ya juu yake huweza kuchanika, damu ikavujia ndani. Basi funga mrija kabla ya kumsogeza, pima usawa upya, fungua, kisha simama hapo mpaka uone tone likidondoka. Mrija uliosahaulika umefungwa nao ni hatari: mtu mzima hutengeneza takriban mililita 20 kwa saa, na yakikosa njia shinikizo hupanda.

Simuni anza na kilichobadilika: “Mwendo umetoka 6 hadi 4 ndani ya saa moja, mboni ya kulia imepanuka, mrija hautoi.” Umri na historia vifuate. Ukimsubiri bingwa, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, nyoosha shingo, weka oksijeni, na dripu iwe ya chumvi, si ya glukosi asilimia 5, inayozidisha uvimbe.