Hiyo violini yenye kichwa cha simba
Ndugu, umeuliza kama violini yako ya Kijerumani iliyokarabatiwa ni ya Jacob Stainer kweli, yule fundi maarufu wa violini wa zamani, kisa ina kichwa cha simba kilichochongwa kwenye ncha ya shingo na lebo yenye jina lake ndani. Lebo isikudanganye, Stainer alifariki 1683 kule Absam, Tyrol, Austria, ni kweli alichonga vichwa vya simba na ndo maana karne mbili baadaye mafundi wa Markneukirchen huko Saxony wakamuiga na kubandika jina lake kwenye violini kibao. Ila bado ni chombo kizuri sana! Muulize fundi kama kuna ufa mgongoni pale kijiti cha ndani kinapoegemea, hapo ndo thamani inashuka vibaya, na tafadhali usikubali mtu aipige vanishi upya.