Jasusi mwenye nguvu 31: je, nirushe dadu upya?

SWALI: Sisi ni vijana watano wa Mwanga, Kigoma, na tumepata nakala ya Top Secret, ule mchezo wa ujasusi wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza jasusi wake, uliotolewa na kampuni ya TSR ya Marekani mwaka 1980. Msimamizi wetu ameiweka hadithi hapa hapa mjini, mwaka 1965. Baada ya kurusha dadu na kuweka nyongeza, jasusi wangu ana nguvu 31, mvuto 82, nia 67, ujasiri 58, maarifa 74 na wepesi wa viungo 29. Wenzangu wanasema nirushe upya. Nifanyeje, nichague idara gani, na nimpe kazi gani ya kujifichia?

JIBU: Usirushe upya, ndugu yangu. Kwa muda wote ambao nimeisimamia michezo ya aina hii, jasusi mwenye namba kubwa kila mahali husahaulika mapema, kwa kuwa mchezaji wake hana haja ya kufikiri. Merle Rasmussen, aliyeubuni mchezo huu, aliifikiria bahati mbaya ya dadu, na ndiyo maana kanuni zinaipa namba ndogo nyongeza iliyo kubwa kuliko ile ya namba kubwa. Hizo 31 na 29 zimekwisha kusaidiwa. Kilichobaki ni kuzitafutia maisha yanayofanana nazo.

Suala la idara ni jepesi. Kati ya Upelelezi, Utwaaji na Uuaji, mpeleke Upelelezi, kwa sababu dadu mbili za pande kumi zikisomwa kama asilimia, mvuto wa 82 utamfanikisha mara nyingi kabla msimamizi hajaongeza ugumu, ilhali wepesi wa 29 utamwangusha karibu mara saba katika kila kumi. Bastola mwachie mwenzako.

Kazi ya kujifichia ndiyo inayostahili jioni nzima ya mazungumzo, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mchezaji kubuni kazi ya kuvutia, kama rubani au mwandishi wa habari wa kigeni, ambayo namba zake haziwezi kuibeba. Mji wenu una mfano bora wa namna ya kufanya. Aprili 1965, mwanamapinduzi Che Guevara na wapiganaji kutoka Kuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo, nao walijificha nyuma ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na mkuu wao mwenyewe akawa Tatu, akitambulishwa kuwa daktari na mkalimani wa Kifaransa. Tazama jinsi jambo hilo lilivyofumwa. Udaktari wake ulikuwa wa kweli na Kifaransa alikijua. Kilichofichwa ni yeye ni nani hasa. Jasusi anayedanganya jambo moja na kusema kweli katika mengine yote ana kidogo cha kukumbuka anapohojiwa.

Kwa hiyo wako mfanye mnunuzi wa dagaa anayepeleka magunia Tabora na Dar es Salaam kwa treni. Mnunuzi ana sababu ya kuwa mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi inarudi na karabai hazijazimwa, na ana sababu ya kumuuliza kila mvuvi alikuwa wapi usiku na alikutana na nani majini. Nguvu 31 haimshangazi mtu, kwa maana tajiri habebi gunia. Anasimama kando na daftari, anahesabu, anamlipa mchukuzi. Askari akimsimamisha, mikono yake inanuka dagaa, naye anaweza kutaja bei ya leo bila kusita. Hapo ndipo 82 inapofanya kazi, na msimamizi mwenye haki atampunguzia ugumu kwa sababu maelezo yote yanathibitika palepale.

Lugha zipangwe kabla ya silaha. Kiha kitamfungulia vijiji, Kiswahili soko na stesheni, na Kifaransa kitamwezesha kuelewa maofisa wanaotoka Burundi na Kongo. Nashauri afiche kwamba anakijua, maana watu husema mengi mbele ya mtu wanayemdhani haelewi. Kwenye maeneo ya maarifa, weka biashara na jiografia ya ziwa, ikiwemo ratiba ya meli ya Liemba, ambayo ilianza kazi kwa jina hilo ziwani humo mwaka 1927.

Kuhusu hiyo 29, iandikie sababu moja jaladani, kwa mfano goti lililoumia alipoteleza gatini utotoni, kisha umwonyeshe msimamizi kabla ya kikao cha kwanza. Andika pia jina la mchukuzi anayembebea magunia kila siku, kwa kuwa siku jasusi wako atakapotakiwa kukimbia, atakayemshika mkono ni huyo.