Dada, Usiuze Masta: Nilichojifunza kwa Lucille Ball Nikiwa Bagamoyo

Dada mmoja wa Pangani ameniandikia: "Shikamoo dada. Nina miaka 38, nachekesha watu kwenye shughuli mpaka wanashika mbavu. Kuna mtayarishaji kaniambia runinga inataka wasichana. Niache?"

Marahaba mdogo wangu. Usiache.

Ujumbe wako umenikuta kwenye furaha. Kituo kimoja cha Dar kimekubali kurusha vichekesho vya kikundi chetu, na mkataba unasema wazi kwamba picha ni zetu, wao wamepewa ruhusa ya kuzirusha kwa muda tu. Nilipoweka saini nililia. Wanaonijua tangu zamani wanajua kwa nini.

Miaka hiyo nilikuwa kwenye kikundi kingine hapa hapa Bagamoyo. Tulirekodi mchezo kwenye nyumba za Mji Mkongwe na ufukweni, mimi nikiwa mama mkwe mkorofi. Msambazaji akanunua masta, yaani rekodi halisi pamoja na haki zake, kwa mkupuo, kiongozi wetu akasaini, sisi tukagawiwa nauli na pesa kidogo ya sabuni. Mchezo uliuzwa kwenye kanda, ukaja kwenye diski, leo uko mtandaoni. Nikipita Magomeni watoto wananiita kwa jina la yule mama mkwe. Tangu siku ile ya mgao sijaona hata shilingi. Inaniuma mpaka leo, na sioni haya kusema.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyewahi kufundisha maigizo. Alinisimulia habari za Lucille Ball, mchekeshaji Mmarekani aliyezaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911. Baba yake alikufa kwa homa ya matumbo binti akiwa na miaka mitatu. Alipokwenda kusomea uigizaji jijini New York, shule ilimwandikia mama yake kwamba anapoteza pesa zake. Miaka mingi Hollywood akapewa nafasi za pembeni kwenye filamu za bei nafuu. Kipindi chake cha vichekesho, I Love Lucy, kilipoanza kurushwa na CBS, shirika la runinga la Marekani, tarehe 15 Oktoba 1951, alikuwa na miaka 40. Arobaini, dada! Huyo mtayarishaji wako angemwambia nini?

Tena CBS hawakumtaka kwenye kipindi mume wake, Desi Arnaz, mwanamuziki aliyetoka Cuba. Walidhani watazamaji hawatakubali mke Mmarekani na mume mwenye lafudhi ya Kihispania. Lucille hakubishana nao mezani. Mwaka 1950 wawili hao walizunguka majukwaani na mchezo wao, watu wakacheka, hoja ikaisha. Nawe fanya hivyo hivyo. Chezea watu Pangani, chezea Muheza, rekodi watu wakicheka, kisha ndiyo upige hodi kwenye vituo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye riziki. Siku zile vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na waliokuwa mbali walitumiwa nakala hafifu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha runinga. Lucille na Desi walitaka kubaki California na kupiga kwa filamu halisi, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji walioketi, na taa akazipanga Karl Freund, bingwa wa picha. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa malipo, ila filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wakubwa wa CBS wakaona hawapotezi kitu, kwani nani atataka kutazama mchezo uleule mara ya pili? Watu walitaka. Marudio yakazipa filamu hizo thamani kubwa, na mwaka 1957 Desilu ikanunua studio za filamu za RKO, ambako Lucille mwenyewe aliwahi kuwa mwigizaji wa mshahara.

Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 akanunua hisa za Desi, akaiongoza kampuni peke yake. Star Trek, mfululizo wa runinga wa safari za anga, ulitoka Desilu chini ya uongozi wake, na mwaka 1967 aliiuza kampuni kwa dola milioni 17. Hakuna uzuri wa sura unaoleta hayo. Aliwekea mkono mali yake pale wenzake walipochukua posho wakaondoka wakishukuru.

Kwa hiyo soma mkataba. Usioujua lugha yake mpelekee anayeijua. Andikisha kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo kwa ajili yako pia, siyo ya wanamuziki pekee. Ukiambiwa "tupe masta, tutakutoa," rudi nyumbani na masta yako. Na usisaini siku hiyohiyo, hata kama pesa imewekwa mezani na mtoto anadaiwa ada. Ni heri upungukiwe leo. Nasema tena: soma mkataba.

Kuhusu kazi yenyewe, fanya mazoezi kuliko unavyodhani inatosha. Lucille hakushika kifaa mbele ya kamera bila kukizoea kwanza. Ile sehemu ya mwaka 1952 ya kiwanda cha chokoleti, yeye na mwigizaji mwenzake Vivian Vance wakijaza pipi mdomoni na kifuani kwa sababu mkanda unakimbia, inaonekana vurugu tupu, lakini ukitazama mikono yake utaona kila tendo lina mahali pake. Kwetu waigizaji wengi huitegemea midomo tu. Kusema kwa kelele siyo kuchekesha.

Sisi tunafanya mazoezi Jumamosi jioni, jua likipungua. Ukipata nauli ya kufika Bagamoyo, njoo. Vaa nguo unazoweza kuanguka nazo, na huo mkataba aliokupa mtayarishaji, kama upo, uje nao tuusome pamoja mstari kwa mstari.