Umeniuliza mtindo wangu nimeutoa wapi

Juzi msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Kaka, lile jalada lako jipya limenikosha. Huo mtindo umeutoa wapi, na mimi nikachukue?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hilo neno "nikachukue" ndilo lililoniponza miaka sita iliyopita, na nikilikumbuka bado masikio yananiwaka.

Wakati ule ndiyo kwanza nimegundua hifadhi za kazi za dizaini na vielelezo vya katikati ya karne ya 20. Unajua tunavyokuwa tukigundua kitu. Nilikesha. Mabango, majalada ya vitabu, vibandiko vya viberiti, kava za santuri, vyote nilishusha kama mtu anayehama nyumba usiku. Haikupita muda nikawa na folda ya picha zaidi ya elfu mbili, zisizo na majina, miaka wala maelezo. Nikajiona tajiri.

Ikaja kazi ya bango la tamasha. Nikafungua folda, nikachagua mkono mmoja mweusi wenye pembe pembe, vidole vimekakamaa, kama umekatwa kwenye karatasi kwa mkasi wa haraka. Nikaushikisha maikrofoni, nikabadilisha rangi, nikaenda kikaoni nimenyoosha mgongo.

Mzee mmoja mwenye miwani hakusema neno. Alitoa simu, akabonyeza bonyeza, akailaza mezani kando ya kazi yangu. Ulikuwa mkono uleule, bango la msanifu wa Marekani, Saul Bass, la mwaka 1955 la filamu ya The Man with the Golden Arm. Moja ya kazi zinazojulikana zaidi katika fani yetu nzima, na mimi nilikuwa sijui ni ya nani! "Kijana," akaniuliza, "na hii nayo ni yako?" Watu wakaangalia viatu vyao. Malipo ya awali nilirudisha. Aliyenipeleka pale, tuliyekula naye sahani moja miaka yote, mpaka leo hapokei simu yangu.

Miezi iliyofuata haina cha kusimulia.

Niliporudi kwenye hifadhi, nilirudi na picha moja tu: jalada la kitabu la miaka ya 50, ndege mwekundu juu ya majani ya buluu. Hifadhi nyingine, kama Letterform Archive ya San Francisco, zimeweka picha zenye ubora mkubwa kiasi kwamba unaweza kukuza hadi uone nyuzi za karatasi. Nikakuza. Ndege alipopita juu ya jani palikuwa na rangi ya tatu, kama zambarau iliyokaribia weusi. Nikadhani wino wa tatu. Nikakuza tena. Pembeni mwa bawa wekundu ulikuwa umeteleza kidogo, ukaacha uzi mweupe upande mmoja na kuzidi upande wa pili. Hapo ndipo nikaelewa: wino ni mbili tu. Ile ya tatu ni nyekundu iliyolala juu ya buluu.

Kila wino ulipitishwa mashinini peke yake, na kila mpito ulikuwa gharama. Kwa hiyo mchoraji alitenganisha rangi kwa mkono: karatasi moja angavu ya kila rangi, na zote alizichora kwa wino mweusi huku akiwaza kichwani zitakavyokutana. Ule "mtindo wa kizamani" tunaouhusudu, sehemu kubwa ni bajeti finyu iliyokutana na kichwa kinachofanya kazi.

Niliyemwonea haya kuliko wote ni Alvin Lustig, msanifu wa majalada ya vitabu wa Marekani. Kisukari kilimmaliza macho, na kufikia 1954 alikuwa haoni kabisa. Akaendelea kusanifu kwa maneno, anamweleza mkewe Elaine na wasaidizi wake umbo likae wapi na rangi ifanane na ipi waliyowahi kuitumia. Alifariki 1955 akiwa na miaka 40. Mtu haoni, anajua kila kipande cha jalada kipo pale kwa sababu gani. Mimi macho yangu mawili mazima, na sababu sina hata moja.

Sasa ndugu yangu, ukitaka ushauri: chukua picha moja kwa wiki. Moja. Andika ni ya nani, mwaka gani, ilichapwa kwa wino ngapi, ilitengenezwa kumuuzia nani nini. Ichore upya kwa rangi mbili, halafu ulichochora kitupe. Ndiyo, kitupe, usikipige picha ukakibandika mtandaoni upate sifa. Na kukuruhusu kutazama si kukuruhusu kuuza. Kazi nyingi za miaka ile bado zina wenyewe.

Vijana mnapenda njia ya mkato, na nasema haya kwa sababu niliipita. Nembo ya IBM, ile kampuni ya kompyuta, msanifu Paul Rand aliisanifu 1956 ikiwa na herufi nene zisizo na mchirizi hata mmoja. Michirizi minane ilikuja 1972. Nyinyi mnaanza na michirizi. Mnajaza folda, mnachanganya fonti nne, mnaweka madoa ya uchakavu juu ya kitu kilichozaliwa jana, kisha mnaniuliza mbona wateja hawawaelewi. Picha moja, nimesema. Kuza. Hesabu wino.

Lile jalada lililokukosha lina wino mbili, buluu nzito na chungwa. Yaliletwa majalada kumi na moja, likapita langu, na mchapaji akadhani nimekosea faili kwa sababu hakuona nyeusi. Nyeusi ipo, nilimwambia, subiri zilaliane.

Nakala moja nilimtumia yule mzee mwenye miwani, kwa posta. Wiki ya tatu sasa. Hajajibu.