Maswali ya Wasomaji: Maabara ya Mezani kwa Pesa Kidogo

Nimenunua mita ya kidijiti, ile ya njano ya bei ya chini kabisa. Betri mpya ya tochi inasomeka volti 1.9, na upande wa omu, yaani wa kupima ukinzani, haifiki sifuri hata nikigusanisha ncha. Nimeuziwa kitu kibovu? (Msomaji, Morogoro)

Huenda si kibovu. Fungua mgongo wa mita, toa betri ya volti 9 iliyokuja nayo, weka mpya. Kila kipimo mita hukilinganisha na volti ndogo ya rejea iliyomo ndani yake. Betri ikichoka, rejea nayo hushuka, na matokeo yake volti zote husomeka juu kuliko zilivyo. Usisubiri alama ya betri itokee kwenye kioo, kwa kuwa huchelewa. Baada ya kubadilisha, betri mpya ya alkali ya volti 1.5 isomeke kati ya 1.5 na 1.65.

Hilo la omu ni la kawaida. Nyaya za mita zina ukinzani wake. Weka swichi ya mita kwenye omu 200, bana ncha mbili pamoja, andika namba unayoiona, tuseme 0.6, kisha itoe katika kila kipimo cha omu chache. Ila kama namba inarukaruka ukitikisa waya, hapo kuna ubovu: nyuzi za shaba ndani ya nyaya hizi ni chache mno na hukatikia pale waya unapoingia kwenye plagi. Fundi redio yeyote ataukata na kuulehemu upya kwa dakika tano.

Sasa ipime mita yenyewe. Nunua rezista chache, yaani vipande vyenye ukinzani unaojulikana, za omu 1,000 zenye kosa lisilozidi asilimia 1, zile zenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, kahawia. Mita isiyo na kasoro itasoma kati ya 980 na 1,020. Tunashauri ziwe tano na si moja, maana moja ikikataa hutajua nani mwongo.

Tazama pia tundu la ampea 10. Kando yake kwa kawaida kumechapwa kwa herufi ndogo kwamba halina fyuzi. Ukipima mkondo hapo, kisha ukasahau waya mwekundu humohumo ukaenda kupima volti, umeunganisha pande mbili za betri kwa kipande cha shaba. Kwa betri ya gari nyaya zitayeyuka mkononi. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa mita ya daraja hili, hata kama imeandikwa inafika volti 600.

Nataka kukuza fuwele za mrututu (salfeti ya shaba). Maji yaliyosafishwa nitayapata wapi bila kwenda duka la maabara, na kwa nini kila nikijaribu napata chengachenga tu? (Mwalimu, Mombasa)

Maji yapo kituo cha mafuta: maji ya betri, yale ya kuongezea. Lakini angalia unachopewa. Wapo wanaosema "maji ya betri" wakimaanisha asidi ya kujazia betri mpya, ambayo ni asidi ya salfuriki ya zaidi ya theluthi moja kwa uzito, na chupa hufanana. Soma lebo, kisha ukifika nyumbani vaa miwani na glavu, mimina matone machache juu ya bekingi soda kwenye kisahani cha kioo. Ikitoa povu, hiyo ni asidi. Ifunge na uirudishe.

Mrututu hupatikana maduka ya pembejeo, lakini si kila dawa ya shaba ni mrututu. Unaoutaka ni salfeti ya shaba, chembe za buluu ya kung'aa. Unga wa kijani hafifu ni oksikloridi ya shaba; hauyeyuki kwenye maji, na watu hupoteza siku nzima wakiuchemsha.

Chukua gramu 45 kwa mililita 100 za maji. Pasha kwenye chombo cha kioo kilichokaa ndani ya maji moto, koroga mpaka punje zote zipotee, chuja kikiwa bado cha moto kwa chujio la karatasi la kahawa. Sufuria ya alumini haifai, kwani shaba hujipaka juu yake na alumini huliwa, tena upesi zaidi kukiwa na chumvi. Acha ipoe taratibu usiku kucha ikiwa imefungwa kwa taulo nene. Asubuhi chagua fuwele moja yenye kingo safi, ifunge kwa uzi wa kuvulia samaki, uining'inize kwenye kimiminika kilekile kilichochujwa tena. Funika kwa karatasi ya tishu, kisha acha maji yajikaushe yenyewe.

Chengachenga zinatokana na mambo matatu: kupoza haraka, vumbi, na uzi wenye manyoya. Kila unyoya ni mahali pa fuwele mpya kuanzia, ndiyo sababu tunataja uzi wa nailoni na si wa kushonea. Kama fuwele uliyoining'iniza inayeyuka badala ya kukua, kimiminika hakijashiba, yaani bado kinaweza kuyeyusha mrututu zaidi. Itoe, subiri siku mbili. Fuwele ikishakuwa kubwa, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, la sivyo kwenye hewa kavu yenye joto itapoteza maji yake na kugeuka unga mweupe juu.

Mrututu ni sumu kwa mtu akiumeza na kwa samaki hata ukiwa kidogo. Chombo kilichotumika hakirudi jikoni. Kimiminika kinachobaki kisimwagwe mtaroni: tumbukiza humo steelwaya ya kusugulia masufuria, buluu ififie kabisa, kisha acha kikauke na uyatupe mabaki yakiwa yamefungwa. Ukiwa na wanafunzi wadogo, anza na shabu. Gramu 20 kwa mililita 100 za maji moto, hatua zilezile, na fuwele zake zenye nyuso nane hupendeza kuliko hizi.

Mizani ya mfukoni inayodai kusoma gramu 0.01, niiamini? Sina mawe ya kupimia. (Msomaji, Arusha)

Namba mbili baada ya nukta ni ahadi ya kioo. Pima kitu kimoja mara kumi, ukikiondoa na kukirudisha. Tofauti ikizidi 0.03, ihesabu kuwa mizani ya 0.1. Kisha pima sarafu tatu mojamoja na baadaye zote pamoja. Jumla isipolingana, haikusawazishwa. Usitegemee maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano yawe jiwe lako, kwani alama za bomba zenyewe zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia kadhaa. Afadhali upeleke boliti safi ya chuma cha pua kwa sonara akupimie kwenye mizani yake. Andika uzito, ihifadhi kwenye kikopo kikavu, na hilo ndilo jiwe lako.

Kuna hila moja ambayo hata wazoefu huwachanganya. Ukinyunyiza unga kidogo kidogo kutoka sifuri, namba haisogei. Mizani hizi hujirudisha sifuri zenyewe, hivyo ongezeko dogo la polepole hulichukulia kuwa ni kuyumba na kulifuta. Mwaga unga pembeni kwenye karatasi, kisha uweke wote kwa mkupuo. Na zima feni.

Vipande vya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, ni ghali. Rosela inafaa? (Mwanafunzi, Bukoba)

Inafaa, ikirekebishwa. Chemsha gramu 20 za rosela kavu, au choya kama wengine wanavyoiita, kwa mililita 250 za maji, dakika kumi, uchuje. Shida ni kwamba rosela yenyewe ni chachu, kwa hiyo tayari ni nyekundu na haitakuonyesha asidi. Ongeza bekingi soda kwa ncha ya kijiko, povu likitulia ongeza tena, mpaka rangi iwe zambarau. Bekingi soda, si bekingi pauda. Pauda ina asidi na wanga ndani. Fanya hivyo siku ya kutumia tu, maana rangi iliyokwisha kurekebishwa huharibika mapema. Juisi nyekundu unaweza kuigandisha kwenye trei ya barafu.

Usikate vipande kutoka karatasi ya kuchapia. Imejazwa chokaa, nayo itageuza rangi kabla hujapima chochote. Tumia chujio la kahawa, ukaushe kivulini. Linganisha na ndimu, siki, bekingi soda, magadi, kisha maji ya chokaa yaliyotuama: utapata mfululizo kutoka nyekundu, kupitia zambarau na kijani, hadi manjano.

Huku kwetu zebaki inapatikana kwa wachenjuaji dhahabu. Nataka kutengeneza barometa, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. (Msomaji, Geita)

Hapana. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na tone likiingia kwenye ufa wa sakafu litaendelea kutoa mvuke kwa miaka. Barometa ya chupa iliyozibwa kwa puto nayo haikusaidii: joto likipanda kwa nyuzi moja tu, hewa ya ndani huongeza mgandamizo kwa zaidi ya hektopaskali 3 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), na hayo ni kama mabadiliko ya siku nzima unayotafuta.

Nunua BMP280, kihisi cha kielektroniki cha mgandamizo wa hewa. Hutumia volti 3.3, kile kisicho na kidhibiti volti kwenye kibao chake huungua ukikipa 5. Kama programu unayokisomea inasema hakipo, badilisha humo anwani ya kihisi kutoka 0x77 kwenda 0x76 kabla ya kukata tamaa. Rekodi kila dakika kumi kwa siku tatu. Karibu na ikweta utaona mstari ukipanda kilele mara mbili kwa siku, kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe.